Uchunguzi wa Damu Hai kwa Hadubini: Majibu kwa Maswali ya Wananchi

Tone la damu kutoka ncha ya kidole, kipande cha kioo, hadubini iliyounganishwa na runinga, kisha maelezo ya papo hapo kuhusu ini, figo, minyoo na "sumu" mwilini. Huduma hii huitwa uchunguzi wa damu hai. Ilianzia Ulaya, ikaenea Marekani, na siku hizi hutangazwa pia na baadhi ya watoa tiba mbadala na wauza virutubisho Afrika Mashariki. Maelezo haya yanajibu maswali ambayo watu huuliza kabla ya kutoa kidole, na mengine ambayo huulizwa baada ya kulipa.

Uchunguzi wa damu hai ni nini hasa?

Ni kuangalia damu mbichi, isiyotiwa rangi wala dawa ya kuihifadhi, chini ya hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo ambacho wengi wetu hukiita darubini. Mara nyingi hutumika hadubini ya uwanja mweusi, yaani ile inayoangaza kutoka pembeni ili seli zing'ae juu ya giza. Mafundisho yake mengi yanatokana na Günther Enderlein, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1872 na 1968. Yeye aliamini kwamba ndani ya damu kuna viumbe vidogo vinavyobadilika umbo hadi kuwa bakteria na kuvu, na kwamba mabadiliko hayo ndiyo chanzo cha magonjwa. Sayansi ya vimelea haikuthibitisha imani hiyo.

Je, ninachokiona kwenye runinga ni damu yangu kweli?

Ndiyo, kwa kawaida ni damu yako, na hakuna haja ya kumshuku kila mtoa huduma kuwa anaonyesha video ya mtu mwingine. Shida iko kwenye tafsiri. Vitu vingi anavyoonyeshwa mteja kama dalili za ugonjwa hutokea kwenye kioo, dakika chache baada ya damu kutoka mwilini.

Nimeambiwa damu yangu ni nzito kwa sababu seli zimeshikana. Ni kweli?

Seli nyekundu ni bapa, na damu ikitulia kati ya vioo viwili zina tabia ya kulaliana kama sarafu zilizopangwa. Hili hutokea kwa mtu mwenye afya njema kabisa, hasa pale tone lilipo nene au kioo kinapokaribia kukauka. Mtaalamu wa maabara anajua hivyo, na ndiyo maana husogeza kioo hadi afike mahali damu ilipo nyembamba na seli zimeachana ndipo aanze kusoma.

Kuna nyakati ambapo mpangilio huo una maana. Protini zikizidi kwenye damu, kwa mfano kutokana na uvimbe wa muda mrefu au aina fulani ya saratani ya uboho (ute ulio ndani ya mfupa), seli hulaliana hata mahali pembamba. Lakini daktari hasimami hapo. Huagiza vipimo vya protini, na wakati mwingine sampuli ya uboho. Hampi mgonjwa chupa ya "kusafisha damu" kwa sababu ya picha hiyo pekee.

Na seli zenye miiba?

Hizo nazo mara nyingi ni kazi ya kioo. Seli nyekundu ikigusana na kioo au maji yake yakianza kupungua, ukingo wake huota vinundu. Kadiri mazungumzo yanavyorefuka, ndivyo miiba inavyoongezeka, na mteja aliyekaa nusu saa anaweza kuamini kwamba hali yake imezorota mbele ya macho yake.

Niliona vitu vidogo vikichezacheza, na vingine vinavyong'aa kama fuwele. Niliambiwa ni vimelea na sumu.

Kwenye uwanja mweusi hata chembe ndogo mno hung'aa. Vitone vinavyotetemeka kati ya seli mara nyingi ni matone madogo ya mafuta yanayoingia kwenye damu baada ya kula, au vipande vya seli. Ukila chapati na maharage ya nazi asubuhi, ukapimwa saa mbili baadaye, vitakuwa vingi. Havitetemeki kwa kuwa viko hai. Vinasukumwa na molekuli za maji zinazovizunguka, jambo ambalo mtaalamu wa mimea Robert Brown alilieleza tangu 1827 alipokuwa akiangalia chembe ndogo kutoka kwenye chavua.

"Fuwele" zinaweza kuwa vumbi, unga wa glovu, mkwaruzo wa kioo au uchafu wa ngozi ya kidole ambacho hakikupanguswa vizuri. Mabonge yanayoitwa "kuvu" au "madini mazito" mara nyingi ni chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, ambazo zimeshikana kwa sababu umetobolewa. Ndiyo kazi ziliyoumbiwa. Kuvu ikiingia kwenye damu kweli, mtu huwa mgonjwa mahututi anayehitaji kulazwa, na huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara.

Nimeambiwa damu yangu ina tindikali.

Kiwango cha tindikali ya damu hakionekani kwa hadubini ya aina yoyote. Mapafu na figo huilinda damu ibaki kati ya pH 7.35 na 7.45 (pH ni kipimo cha tindikali na alkali). Kikishuka chini ya hapo, mtu hupumua kwa kasi, huchanganyikiwa na kuhitaji hospitali haraka, kama inavyowatokea baadhi ya wagonjwa wa kisukari waliokosa insulini. Anayetembea, anayeongea na kulipa kwa simu bila shida yoyote hana damu ya namna hiyo, na maji ya limau au ya alkali hayatabadilisha kipimo hicho.

Je, kipimo hiki kinaweza kuonyesha VVU, sukari, shinikizo la damu au saratani?

Virusi vya UKIMWI ni vidogo kuliko uwezo wa hadubini ya mwanga: vina upana wa takriban sehemu 1 ya 10,000 ya milimita. Mtu yeyote anayesema ameviona, au ameona kwamba "vimeisha", amekosea, na kukosea huku kunaweza kuua. Sukari imeyeyuka kwenye maji ya damu, kwa hiyo hupimwa kwa kifaa cha sukari. Shinikizo la damu ni nguvu ya damu ndani ya mishipa, na tone lililokwisha kutoka kwenye mshipa haliwezi kulieleza.

Kuhusu saratani, aina chache za saratani ya damu huacha alama kwenye seli nyeupe, na huonekana kwenye damu iliyopakwa rangi kisha kuthibitishwa kwa vipimo vingine. Saratani ya matiti, shingo ya kizazi, tezi dume au koo haigunduliwi hivyo. Mwanamke aliyepigwa picha ya damu na kuambiwa yuko salama bado anahitaji kupimwa shingo ya kizazi.

Lakini hospitalini nao wanaangalia damu kwa hadubini. Tofauti iko wapi?

Swali hili ni la haki, na jibu lake si kwamba hadubini ya hospitali ni bora. Inawezekana ya kituo cha mtaani ikawa mpya na ya gharama zaidi. Tofauti ni kwamba maabara huuliza swali moja linalojulikana, kwa njia iliyojaribiwa, na kiwango chake cha kukosea kinafahamika.

Chukua malaria. Mwaka 1880 huko Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliviona vimelea vya malaria vikijongea katika damu mbichi ya askari, bila rangi yoyote. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, lakini haukugeuzwa kuwa ruhusa ya kusoma lolote kwenye damu mbichi. Leo mteknolojia hutengeneza doa nene na doa jembamba, huyapaka rangi ya Giemsa, huongeza mafuta juu ya kioo na kuangalia kwa ukuzaji wa mara 1,000. Hatakiwi kuandika "hakuna vimelea" kabla ya kukagua angalau maeneo 100 ya kioo. Akivikuta, huvihesabu kwa kulinganisha na seli nyeupe, na kioo kinaweza kuhifadhiwa ili mtu mwingine akikague kazi yake. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine yote.

Zipo pia kazi halali za damu mbichi isiyotiwa rangi, na wananchi wanastahili kuzijua. Katika maeneo yenye mbung'o, vimelea vya malale huonekana vikijipinda kati ya seli nyekundu. Homa ya papasi husababishwa na bakteria waliojisokota ambao huonekana vizuri kwenye uwanja mweusi. Kupima selimundu, ugonjwa ambao seli nyekundu hupinda mfano wa mundu, maabara nyingi huchanganya tone la damu na kemikali inayonyonya oksijeni, hulifunika, husubiri, kisha huangalia kama seli zimepinda. Hata hivyo jibu la "ndiyo" halitoshi: kipimo hicho hakitofautishi mgonjwa na mtu aliyebeba tu nusu ya urithi, kwa hiyo hufuata kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, protini inayobeba oksijeni.

Mfano wa pwani unasaidia zaidi. Vijidudu vichanga vya minyoo ya matende na mabusha huingia kwenye damu ya pembeni usiku, kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku, wakati mbu wake wanapouma. Ndiyo maana timu za afya zilikuwa zikipita nyumba kwa nyumba usiku wa manane kuchukua damu. Anayekutoboa saa 5 asubuhi na kukuonyesha "minyoo" inayojaa kioo anakuonyesha kitu kingine, mara nyingi uzi wa pamba.

Nilipewa dawa, nikapimwa tena, damu ikaonekana safi. Hiyo si ushahidi?

Picha mbili za damu hazilingani mpaka masharti yake yalingane: unene wa tone, muda uliopita, sehemu ya kioo iliyochaguliwa, na kama ulikuwa umekula. Tone dogo zaidi, kioo kikiangaliwa mapema zaidi, huonyesha seli zilizoachana na zenye mviringo mzuri, hata kama hukunywa chochote. Si lazima mtoa huduma awe amekusudia kudanganya. Mtu anayetarajia nafuu huchagua pembe ya kioo yenye nafuu bila kujijua. Ukitaka kujaribu, omba vioo viwili kutoka kidole kimoja kwa wakati mmoja, kimoja kisomwe na mtu asiyejua ni cha nani.

Na ikiwa anayesoma kioo ndiye anayeuza chupa iliyo kabatini, faida yake iko upande wa kuona tatizo. Katika hospitali na maabara zinazofuata utaratibu, anayepima hapati kamisheni ya dawa unayoandikiwa.

Je, kipimo hiki kimewahi kufanyiwa utafiti?

Ndiyo, na tena Ujerumani kwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihusu watu 110, ambao 12 kati yao walikuwa na saratani iliyosambaa na kuthibitishwa kwa picha za hospitali. Uchunguzi wa damu kwa njia ya Enderlein uliwatambua 3 tu. Mwaka uliofuata ulichapishwa utafiti mwingine uliotumia damu ya wagonjwa 24 wa kisukari na wasomaji wenye uzoefu wa njia hiyo. Makubaliano kati ya wasomaji yalikuwa madogo. Kipimo ambacho jibu lake linategemea nani amekaa kwenye kiti hakiwezi kuamua dawa ya mtu.

Vipi kuhusu upungufu wa vitamini na madini?

Hapa kuna ukweli kiasi. Upungufu wa madini ya chuma hufanya seli nyekundu kuwa ndogo na zilizopauka, na upungufu wa vitamini B12 huzifanya kuwa kubwa kupita kawaida. Lakini alama hizo husomwa kwenye damu iliyopakwa rangi, pamoja na hesabu kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP kwenye fomu, na huhitaji sababu kutafutwa: hedhi nzito, minyoo ya tumbo, ujauzito, kidonda cha tumbo. Orodha ya vitamini 7 ulizopungukiwa, iliyotolewa kwa dakika 10 kutoka kwenye damu mbichi, haina msingi huo.

Na ile mashine ya kushika mkononi inayochapisha ripoti ya mwili mzima?

Haichukui damu kabisa, kwa hiyo si uchunguzi wa damu. Ripoti yake ndefu yenye viwango vya ini, figo na mifupa haitokani na kitu kilichopimwa ndani ya viungo hivyo. Tahadhari ni zilezile.

Je, kusema hivi ni kupinga tiba asili?

Hapana. Nchini Tanzania tiba asili na tiba mbadala zinatambuliwa na sheria ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga waliosajiliwa wana nafasi yao katika jamii. Lakini usajili wa kutoa tiba asili si leseni ya maabara. Wataalamu wa maabara husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya chini ya sheria ya mwaka 2007, na maabara binafsi zina bodi yake. Kenya, kazi hiyo iko chini ya bodi inayofahamika kwa kifupi KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999.

Nchi nyingine nazo zimekutana na jambo hili. Mwaka 2014, mahakama moja jijini London ilimtia hatiani mtoa huduma wa damu hai kwa kutangaza kwamba anaweza kutibu saratani, kinyume na sheria ya Uingereza ya mwaka 1939 inayokataza matangazo ya aina hiyo.

Kutobolewa kidole kuna hatari?

Hatari ni ndogo ikiwa kisindano ni kipya na kimefunguliwa mbele yako, mpimaji amevaa glovu safi, kidole kimepanguswa kwa spiriti na kisindano kimetupwa papo hapo kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali. Kisindano au kalamu ya kutobolea iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kueneza homa ya ini aina ya B na C, na VVU. Usipoona pakiti ikifunguliwa, una haki ya kurudisha mkono wako mfukoni. Ikitokea umetobolewa kwa kifaa kilichotumika, nenda kituo cha afya mara moja: dawa za kukinga VVU huanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora.

Nimeambiwa niache dawa za hospitali ili damu "isafishike".

Usiache. Kukatisha dawa za kufubaza VVU hurudisha virusi na kuvipa nafasi ya kuwa sugu. Kukosa insulini kunaweza kuua ndani ya siku chache kwa mgonjwa anayeitegemea, na dawa za presha na kifafa zikikatizwa ghafla zinaweza kuleta kiharusi na degedege. Kama dawa inakusumbua, mwambie aliyekuandikia. Kubadilishiwa dawa ni haki yako. Mwambie pia kuhusu dawa za mitishamba na virutubisho unavyotumia, bila kuona haya, kwa sababu baadhi yake hugongana na dawa za hospitali.

Nina haki gani ninapotoa damu yangu?

Una haki ya kuelezwa kabla: kipimo kinatafuta nini, kinagharimu kiasi gani na nani anakisoma. Omba jina na namba ya usajili ya mpimaji, majibu kwa maandishi yenye tarehe, na risiti. Una haki ya kukataa, na kupimwa hakukufungi kununua chochote.

Picha na video ya damu yako, ikiambatana na jina lako, ni taarifa ya afya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Zote huzipa taarifa za afya ulinzi wa ziada. Video hiyo haitakiwi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la matangazo bila ridhaa yako.

Nikiona nimetapeliwa, niende wapi?

Kwa mpimaji asiye na usajili, peleka taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa baraza linalohusika. Kwa dawa au kifaa tiba unachokitilia shaka, Tanzania kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Tangazo la uongo linaweza kufikishwa Tume ya Ushindani. Hifadhi risiti, chupa na ujumbe wa simu, kwani malalamiko yasiyo na kielelezo ni magumu kufuatilia.

Nimeshapimwa na nimetishika. Nifanye nini?

Andika yote uliyoambiwa, pamoja na dalili ambazo wewe mwenyewe unazihisi, kisha uende nazo kituo cha afya. Hofu yako haitachekwa. Dalili zako ndizo zitakazoamua vipimo: anayechoka na kupauka atapimwa wingi wa damu, anayekojoa sana na kuwa na kiu atapimwa sukari, mwenye homa atapimwa malaria. Kama hujisikii chochote, bado unaweza kuomba kupimwa presha, sukari na VVU.

Usisubiri kioo cha pili wala dozi iishe iwapo una homa kali, unapumua kwa shida, unatapika au kukohoa damu, una kifua kinachobana, unapungua uzito bila sababu au una uvimbe unaokua. Kwa mtoto chini ya miaka 5 mwenye homa, nenda siku hiyohiyo. Nchini Tanzania, ukihitaji ushauri kabla ya kutoka nyumbani, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.